Folda ya Pamoja na Mlango wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Fujo ofisini imefika mwisho. Tunatengeneza vifaa vyenye kompyuta ndogo tumboni: vitasa vya milango, mashine za kulisha samaki, mashine za kuangulia vifaranga. Kila mradi una folda yake, na kila folda imejaa nakala za yale yale ya jirani. Uchafu mtupu! Nimeunda folda moja, nimeiita Pamoja, nimehamishia kila kitu humo. Ijumaa bosi anateua mkuu wa kitengo. Suti nimeshaipeleka kupigwa pasi.

Jumanne, 4 Machi
Vitasa vya wateja wote nimevitumia programu mpya kwa mtandao. Kimya, mpinzani wangu, dada asiyeongea ila kwa sababu, aliniuliza faili za mipangilio ziko wapi. Ndizo zinazokiambia kila kifaa waya upi ufanye nini, na saa ngapi. Nikamwambia zilifanana, nimebakiza moja. Akanitazama kama mtu anayenipa pole ya msiba. Wivu!

Jumatano, 5 Machi
Simu hazinyamazi. Mchana, wakati wa kula, milango ya wateja inafunguka yenyewe. Mama mkwe naye alipiga, ila yeye alikuwa anacheka. Alisema baba, mumewe, amerudi. Baba tulimzika mwaka jana! Nikaenda mbio. Mezani sahani mbili. Mlango, nao una kitasa chetu, ukafunguka polepole, ukasubiri kidogo, ukajifunga. Mama mkwe akamimina maji kwenye glasi ya pili. Nikadai nina kikao. Uongo. Niliogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Kimya kagundua. Vitasa vilikuwa vinasoma mipangilio ya mashine ya samaki. Saa ya kulisha ikifika, vinafungua mlango. Raha iliyoje! Si mzimu, ni mimi tu. Amekirudishia kila kifaa faili yake na milango imetulia. Isipokuwa wa mama mkwe.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kamteua Kimya. Alisema anataka mtu anayejua kipi cha kushirikisha na kipi cha kuacha kilipo. Nikapeleka hasira zangu kwa mama mkwe, nikakifumua kile kitasa. Programu iliyomo ni ya zamani. Ya kwangu haikuwahi kufika, intaneti ya nyumba ilikatwa tangu msiba. Nikatoa betri, nikazitia mfukoni.

Mlango ukafunguka.

Mama mkwe akanivuta mkono taratibu. "Mpishe baba yako, mwanangu. Amechoka."

Nikapisha. Baridi ikanipita begani, na kiti cha mezani kikasogea.

Jumamosi, 8 Machi
Sijalala, lakini nimewaza. Kitasa kinachofanya kazi bila betri! Hata Kimya hana kitu kama hicho. Ile programu ya zamani nimeinakili yote. Sijaisoma, ya nini kupoteza muda? Nimeiweka kwenye Pamoja na nimewatumia wateja wote. Jumatatu bosi ataniomba radhi mbele ya watu.

Mteja wa kwanza ameshapiga. Anasema marehemu mama yake ameingia sebuleni, kavua viatu na kuuliza kwa nini nyumba ni chafu. Anataka kujua kama hiyo ni huduma mpya. Nimemwambia ndiyo, na vifaa vyetu vyote vitakuwa nayo.