Njia ya Mayai

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya pili katika mji huu. Baiskeli ninayo, njia sina. Ni kama mtu mwenye mwiko asiye na chungu.

Siku ya kuhama, lori lilibakiwa na nafasi ya kitu kimoja tu: kabati la mama mkwe au baiskeli yangu. Nikang'ang'ania baiskeli. Nikamwambia Baba Kibonge kwamba mji mkubwa una barabara nzuri, kwamba nitamzungusha mtoto apate hewa, nitapata wenzangu, sitamsumbua na upweke. Akakubali. Sasa baiskeli imeegemea ukuta wa chumbani na nguo zetu zinaishi kwenye magunia. Kila asubuhi mume wangu anachomoa shati, analikung'uta, anaitazama baiskeli, anaenda kazini. Hasemi neno. Afadhali angesema.

Si kwamba sijajaribu. Barabara ya mbele ina malori. Ya nyuma ina mlima. Niliupanda nikisukuma, bibi mmoja mwenye fimbo akanipita na kunipa pole. Ya pembeni inaishia kwenye ukuta wa kiwanda. Kibonge kwenye kiti chake cha nyuma alidhani ukuta ndio matembezi yenyewe. Akaupigia makofi.

Leo mchana nikawaona. Kundi la wanawake juu ya baiskeli, makoti ya kung'aa, wanacheka. Nikaacha chungu motoni nikashuka mbio hadi getini. Aliye mbele ana filimbi shingoni; ndiye mwenye saluni iliyo chini ya jengo letu, wenzake wanamwita Kapteni. Akaniuliza, dada, na wewe unaendesha? Wiki mbili hakuna mwanamke aliyeniita dada. Nikasema naendesha sana. Akauliza kama nimeshazijua njia za huku. Hapo ndipo ilipotakiwa nifunge mdomo. Nikasema ninayo moja, laini, haina magari wala mlima. Mmoja mwenye miwani mikubwa myeusi akasema yeye kakulia hapa na njia hiyo haijui. Nikamwambia si kila mtu anaijua. Kapteni akafurahi: basi Jumamosi, saa moja asubuhi, utuongoze.

Wameondoka. Chungu kimeungua. Njia sina.

Yule wa miwani nimeamua simpendi.

Jumanne, 5 Machi

Nimetumia ramani ya simu. Simu ikasema njia ipo, mstari wa kijani kabisa. Nikaufuata mstari hadi kwenye daraja la ngazi. Nimepanda ngazi na baiskeli begani na Kibonge kwapani. Watu wakanipisha kwa heshima, kama wanavyopisha jeneza.

Nilikuwa nimekaa chini ya ngazi, nafikiria kujitia homa mpaka Jumamosi ipite, akapita mwuza mayai. Baiskeli ya kawaida, trei zimepangwa nyuma hadi usawa wa mabega yake, zimefungwa kwa mpira. Anapiga mluzi. Mayai hayatikisiki.

Mwili ukanisisimka. Mtu aliyebeba mayai hawezi kupita njia mbaya! Akipita kwenye mashimo, jioni anarudi nyumbani na uji wa mayai. Wala sihitaji kuijua njia. Namhitaji yeye.

Penye nia pana njia, na penye mayai pana lami.

Jumatano, 6 Machi

Nimemfuata. Anaanzia dukani kwenye kona. Nilikaa nyuma kidogo. Kila aliposimama nami nilisimama, nikajifanya namfuta Kibonge pua. Mpaka mwisho pua imekuwa nyekundu, maskini mwanangu, na hana hata mafua.

Lakini njia! Vichochoro vya sakafu safi nyuma ya majengo, kivuli, hakuna gari hata la dawa. Kushoto kwenye tangi la buluu, kulia kwa fundi cherehani, unaingia kwenye kageti, unapita chini ya nguo zilizoanikwa, unatokea kwingine. Nilijiuliza kama vile vigeti ni vya watu. Nikajijibu kwamba vya watu vingefungwa.

Mara moja aligeuka akanitazama. Nikatazama juu, kama mtu anayesubiri mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Leo amesimama, akanisubiri. Aibu gani hii. Akaniuliza, dada, kuna shida? Nikasema hakuna kaka, nafanya mazoezi. Akauliza, na jana? Nikasema ni agizo la daktari. Akaniangalia, akamwangalia Kibonge, akauliza taratibu kama labda nataka mayai. Nikasema ndiyo, kumbe ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nimenunua trei nzima. Nikaifunga kwenye kikapu cha mbele, nikaendelea kumfuata, maana sasa alishanijua kama mteja na mteja haogopwi.

Halikuvunjika hata moja. Ushahidi ninao.

Mwisho wa safari aliingia kwenye lango la bati lenye ukuta mrefu. Sikuingia. Kwa ninavyojua mimi mambo ya barabara, upande wa pili lazima pawe na barabara kubwa. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni, akanitazama kuanzia gurudumu hadi kilemba. Nikamsalimu. Hakujibu. Nikafikiri labda hasikii vizuri.

Jioni Baba Kibonge amekula mayai. Akauliza kama kesho pia ni mayai. Nikasema ndiyo, na keshokutwa. Akasema sawa, mama.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeikariri njia kwa wimbo. Namwimbia Kibonge wakati wa kumwogesha: tangi la buluu kushoto, fundi cherehani kulia. Anaupenda. Kwenye kulia anapiga maji na kunilowesha.

Nimekutana na Miwani dukani. Eti hiyo njia yako inaanzia wapi? Nikamwambia njia nzuri haianzii mahali. Sijui maana yake, lakini aliondoka kimya. Ushindi wangu wa kwanza katika mji huu.

Baba Kibonge amerudi kazini mapema. Nilipomweleza kwamba kesho naongoza kundi zima, alivua viatu, akachuchumaa, akaijaza baiskeli upepo, akafuta kiti cha mtoto kwa shati lake la zamani. Akasema alijua tu, lile kabati lingetuziba mwanga bure. Nilitaka kumwambia. Nikaona shati lilivyochafuka kwa ajili yangu, nikanyamaza.

Jumamosi, 9 Machi

Ningekuwa na shimo ningeingia.

Tulianza vizuri mno. Mimi mbele, Kibonge nyuma yangu kama waziri, wanawake kwenye mstari. Kapteni akapaza sauti kwamba lami hii ni kama meza. Nikaanza hata kuwahurumia ambao hawajanifahamu.

Kisha kwenye mlango wa nyuma wa mgahawa akatoka mpishi na trei tupu mkononi. Akasema, leo mmekuja wengi, haya, mayai yako wapi? Nikamwambia yanakuja nyuma. Nikakanyaga pedali. Nyuma nikamsikia akimuuliza Kapteni, na Kapteni akisema hajui, aulizwe aliye mbele.

Kwenye nguo zilizoanikwa Kapteni aliingia na filimbi, akatoka na foronya kichwani.

Kwenye kageti ka tatu, ambako Jumatano hapakuwa na mtu, leo mzee wa watu amekaa uani kwake na taulo kiunoni, anakunywa chai. Njia inapita kati ya kiti chake na ndoo. Ungefanyaje? Nikapunguza mwendo, nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Nyuma yangu mwingine shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kama shuleni wakiitwa majina. Mzee alishika taulo kwa mkono mmoja na chai kwa mwingine na hakumruka mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na nikakataa kuelewa. Mwuza mayai hatafuti njia. Anapeleka mayai majikoni. Nilichokariri ni wateja wake.

Lango la bati lilikuwa wazi. Nikaingia, maana nyuma kulikuwa na msafara na breki zangu si za kuaminika. Kuku kila mahali. Ukuta pande zote. Barabara kubwa hakuna, hata ndogo hakuna. Wakaingia wote nyuma yangu wakajazana kati ya mabanda.

Mwanamke wa mikono kiunoni akatokea. Anasikia vizuri sana. Akasema kumbe ni huyu. Juzi kamfuata mume wangu, jana kutwa nzima sina raha, leo kaja na ndugu zake. Akamgeukia Kapteni, kwa sababu ya filimbi, akamuuliza kama yeye ndiye mshenga, na kama siku hizi mwanamke ndiye anayepeleka posa, tena kwa baiskeli. Mwuza mayai alichungulia kutoka bandani, akaniona, akarudi ndani, akafunga kwa komeo.

Kapteni akanisogelea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mdogo wangu, barabara inaendelea wapi?

Haikuendelea popote. Nikasema mbele ya wote, na kuku wakisikiliza: mimi ni mgeni, njia siijui, nilikuwa nafuata mayai.

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ilipita uani kwa watu.

Mke wa mwuza mayai alicheka mpaka akakalia gunia la chakula cha kuku. Miwani alivua miwani kujifuta machozi. Ana macho mazuri, ya upole. Hilo liliniuma kuliko yote. Nikawaambia nimepata pancha, nikawaomba watangulie. Tairi zote mbili zilikuwa zimejaa upepo wa mume wangu. Kila mtu aliziona.

Jioni Baba Kibonge kauliza ilikuwaje. Nikasema nzuri. Akasema kazini amewaambia wenzake mkewe ni kiongozi wa waendesha baiskeli. Nikaenda jikoni nikasimama tu, sina ninachopika.

Jumapili, 10 Machi

Wamekuja. Nilisikia sauti ya Kapteni mlangoni nikajificha nyuma ya magunia, nimemkumbatia Kibonge. Kibonge akaitika hodi. Hajui neno hata moja mwanangu huyu, ila la kunifichua analo.

Walikuwa wawili, Kapteni na Miwani. Viti havitoshi, Kapteni akakaa juu ya gunia la nguo kama kwake. Akasema hawajacheka hivyo tangu kundi lianze. Mke wa mwuza mayai amewapa mayai ya kuchemsha wakala palepale, na mzee wa taulo wamemwomba radhi, akasema wasijali, hajawahi kusalimiwa na watu wengi hivyo siku moja. Kisha Kapteni akasema kuna njia nzuri ya kweli, pembeni mwa reli ya zamani hadi bwawani, tambarare yote, hata mtoto analala. Wao huipita kila Jumanne. Hakuna hata mmoja wao aliyeigundua. Kila mtu alionyeshwa na mwenzake. Kuuliza si ujinga, mdogo wangu. Miwani akainamisha kichwa, akasema ile habari ya kukulia hapa si kweli, alihamia mwaka juzi, na kabla ya kupata kundi alikuwa anazunguka uwanja wa shule peke yake mpaka mlinzi akamwonea huruma.

Wakasema nije Jumanne nifuate tu. Sihitaji kufanya kingine.

Moyo wangu ukasema asante. Machozi yakanijaa. Kapteni, kwa heshima tu, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, akaniuliza kama hiyo njia ya bwawani nimeshawahi kuisikia.

Nikasema naijua. Nikasema najua hata ya mkato.

Miwani akavaa miwani yake humohumo ndani. Kapteni akashusha pumzi, akasema haya, Jumanne utatuonyesha. Nikawasikia wakicheka kwenye ngazi. Sikuweza kujua ni kicheko cha namna gani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka na aibu imenikaa kifuani kama mtoto wa pili. Nikaamua leo leo, kabla sijala kitu, nashuka saluni nikamwambie Kapteni ukweli: siijui njia ya bwawani, wala ya mkato, wala njia yoyote, na nataka tu kuwa nyuma yao. Nilijifunza maneno nikiwa namvisha Kibonge. Ni machache, hayana uchungu.

Nimeshuka na baiskeli, maana nilipanga tukishamaliza kulia anionyeshe gia zinavyofanya kazi. Mlango wa saluni uko wazi. Kapteni ana kitana mkononi, ananiona, anatabasamu, anauliza kama nina neno.

Hapo hapo akapita fundi madirisha kwa baiskeli. Amefunga kioo kizima ubavuni, kirefu kuliko yeye, bila hata blanketi. Anaelekea upande wa reli. Hakitikisiki.

Nikaona kosa langu lilipokuwa. Mayai yanakwenda majikoni, kila mtu analijua hilo, nilikosea kuchagua mzigo. Lakini kioo! Anayebeba kioo hawezi kupita uani kwa watu. Hakipiti kwenye kageti.

Nikamwambia Kapteni neno ninalo, ila nina haraka kidogo, tutaongea Jumanne mbele ya safari. Nikamkaza Kibonge mkanda. Fundi alikuwa keshakata kona.