Sungura Watoke Ndani Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 3 Machi

Sungura wamekula waya wa pasi. Wiki iliyopita ulikuwa waya wa televisheni. Kabla ya hapo, kisigino cha kiatu cha mama mkwe, naye akiwa amekivaa. Mke wangu hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Aliketi kitandani akikunja nguo zenye makunyanzi, akasema kwa sauti ya chini kwamba ikifika Jumapili sungura wawe wanaishi nje, la sivyo kaka yake atakuja kuwachukua.

Kaka yake, yaani shemeji yangu, alikuwa ameshapigiwa simu. Alisema yuko tayari kuwalea. Kisha akauliza wana kilo ngapi.

Mke wangu hakuona ubaya wa swali hilo. Mimi niliuona. Shemeji ana sufuria ambayo mtaa mzima huiazima wakiwa na shughuli. Nimekula mezani kwake mara nyingi. Nayajua macho yake yakitua juu ya kitu chenye mapaja.

Wako wawili. Pamba ni mweupe na mwoga. Meneja ni mnene, hukaa tu akitafuna na kutazama wengine wakihangaika, ndiyo maana binti yetu akampa jina hilo. Binti ana miaka tisa na hajui lolote kuhusu sufuria. Mbele za watu mimi husema sungura ni kero tupu. Lakini nikirudi kazini hoi, Meneja huja kukaa juu ya mguu wangu. Hakuna mwingine nyumbani humu anayefurahi kuniona nimekaa.

Nimetangaza kwamba nitawajengea uzio uani, mwenyewe. Mke wangu akashusha pumzi ndefu.

Nusu ya pili ya mpango sijamwambia. Uzio hautakuwa na sakafu. Sungura watakula majani yaliyo chini yao, kila siku nitausogeza kidogo, na majani ya uani ambayo naambiwa niyakate tangu mwaka jana yatakuwa yamejikata. Wakati mwingine akili yangu hunishangaza mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimechoka. Kutwa nzima niko mapokezi pale kliniki ya meno, nawaambia watu waliovimba mashavu kwamba daktari yuko njiani. Daktari hakuwa njiani. Alikuwa chumba cha pili anakula.

Nyuma ya kliniki kuna mbao zilizokuja zimefungiwa kiti kipya cha wagonjwa. Mlinzi alisema nizichukue zote, zinamzibia njia ya kwenda chooni. Nimezibeba begani hadi nyumbani. Kila niliyekutana naye alinipa ushauri. Hakuna aliyenipokea hata ubao mmoja.

Dukani muuza vifaa akauliza nataka wavu wa kuku mita ngapi. Nikapanua mikono nikamwonyesha. Akauliza mara ngapi hivyo. Nikamwambia akadirie. Amekadiria vizuri sana, kwa upande wake.

Jumatano, 5 Machi

Nilihitaji siku nzima ya kujenga. Asubuhi nikampigia simu daktari nikamwambia siwezi kuja kazini, jino linaniuma.

Nilipokwisha kusema ndipo nikajisikia nilichosema.

Daktari alifurahi. Akaniambia nije mara moja, kiti kipya hakijapata mtu. Nikasema limeanza kupoa. Akasema jino likipoa ghafla ndiyo mbaya zaidi, basi kesho nikaingie wa kwanza kabla ya wagonjwa wote. Nikamshukuru.

Shemeji alipita na mashine yake ya kutobolea, iko ndani ya sanduku lake kama mkufu wa dhahabu. Akasema kwa mashine hiyo kazi yote ni ya saa moja. Nikamjibu kwamba nyundo inanitosha. Akaangalia rundo la mbao, akaguna. Kisha akaenda dirishani kumtazama Meneja. Alikaa pale muda mrefu kuliko mtu anayependa wanyama.

Nikajenga. Nilipigilia kwa ndani ili vichwa vya misumari visionekane nje. Mbao za juu, mbao za chini, wavu pande zote, wavu juu. Kazi safi. Nikapigilia msumari wa mwisho, nikarudi nyuma kidogo nijionee, mgongo ukagonga wavu.

Mlango sikuweka. Koleo la kukatia waya lilikuwa juu ya ngazi za jikoni, nalitazama. Kuuinua nipite chini nilishindwa. Nyundo ninayo, ningeweza kuvunja, lakini hiyo ndiyo kazi yangu ya siku nzima na misumari ilikuwa imeshika kuliko chochote nilichowahi kupigilia.

Mke wangu akatoka, akanitazama. Nikaeleza. Akasema angalau leo anajua niko wapi. Akaniletea chai na mrija, akaupitisha kwenye tundu la wavu, akaniambia binti akirudi shule atanifungulia, maana yeye ana unga mikononi.

Nikajilaza majanini. Nililala usingizi ambao sijaupata tangu nioe. Hakuna aliyeniomba kitu. Binti alipokuja na koleo nilikaribia kumwambia aache kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari alilikuta jino kweli. Si lile nililomwonyesha, lingine. Amesema nina bahati kubwa kwamba nilipiga simu. Limeng'olewa. Nesi alinisifu kwamba sikulia, kisha akanirudisha mapokezi nikiwa na pamba mdomoni na shavu kama la wateja wangu. Siku nzima watu walidhani mimi ni mgonjwa niliyewatangulia kwenye foleni.

Uzio nao hausogei. Mbao za kliniki ni nzito ajabu. Jana jioni tuliusukuma watatu, mimi, mke wangu na binti, ukasogea unene wa kitabu. Majani yale hayatalika hivi. Mpango wote ni kusogea.

Ganzi huleta ujasiri. Mchana, daktari akiwa njiani, niligeuza kiti changu cha ofisini, nikachomoa magurudumu. Nitayarudisha. Kwa sasa wateja wanaona nywele zangu tu nyuma ya meza.

Ijumaa, 7 Machi

Magurudumu yamekaa. Mlango upo, na komeo. Uzio unateleza kwa kidole kimoja! Nilimwita mke wangu aone. Alikubali kwamba unateleza. Akauliza kama nimeona kwamba uwanja wetu una mteremko.

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni mdogo.

Nikawaingiza sungura. Hawakula hata jani moja. Walikaa bega kwa bega wakiitazama nyumba. Binti akaniuliza kwa nini wanaonekana kama wamefukuzwa. Nikaenda ndani kuwaletea karoti. Nilikuwa bado nimeushika mlango wa friji binti aliposema, kwa utulivu kabisa, kwamba sungura wanaondoka.

Uzio ulikuwa unashuka taratibu, na wao ndani yake wakitembea ili usiwapite. Kisha ukachanganya mwendo, nao wakaanza kukimbia. Meneja, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alikuwa mbele. Wakapita penye pengo la ua wa miti, wakaenda kusimama juu ya tuta la spinachi la jirani yetu, mwalimu mstaafu. Na kwa kuwa uzio hauna sakafu, spinachi yote ikawa yao. Hapo hamu ya kula iliwarudia.

Mwalimu alitoka na miwani kichwani. Nilimwomba radhi, nikamwambia ilikuwa bahati mbaya. Akasema amefundisha maisha yake yote na bahati mbaya anaijua, hii ilikuwa na magurudumu. Kesho nikamlimie tuta upya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelima. Mwalimu aliketi kivulini akinisahihisha. Shavu linapwita, mgongo haukunjuki. Ili nisikate majani ya kwetu, nimelima shamba la mtu.

Nimeng'oa magurudumu. Wanaume wanne wa mtaani wamenisaidia kuurudisha uzio juu. Nikawaingiza sungura, nikafunga komeo, nikaingia kuoga. Nilipotoka niliwakuta wote wawili mlango wa jikoni, wana udongo hadi masikioni, wanasubiri kufunguliwa. Chini ya ubao kuna shimo nadhifu. Nimelijaza mawe. Wamechimba pembeni yake.

Mke wangu aliona yote kutoka dirishani. Binti amelala na Meneja kitandani. Sikumkataza. Naogopa kesho. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma: naogopa.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja mapema, na kapu lenye kifuniko. Nilimtembeza kuuzunguka uzio nikimweleza ubora wa misumari. Sungura walikuwa jikoni.

Mke wangu akamtoa Pamba, halafu Meneja, akawaweka mezani. Binti alisimama pembeni, mikono nyuma, hakulia. Hilo lilikuwa baya zaidi. Shemeji akamshika Meneja, akampapasa mgongoni kwa kidole gumba, polepole, kuanzia shingoni hadi mapajani.

Nilifungua mdomo niseme. Kilichotoka ni kwamba Meneja ana ugonjwa wa mifupa, hafai hata kidogo. Shemeji akasema mifupa si kitu, huwa anaitoa.

Mke wangu akamwuliza kaka yake waziwazi kama anakwenda kuwafuga au kuwala. Shemeji ana makosa mengi lakini hajui kudanganya. Akajibu, "Mwanzoni ningewafuga, dada."

Mke wangu alimchukua Meneja kutoka mikononi mwake, akampa binti Pamba, akasema kaka yake anywe chai. Halafu akaniambia niende kununua zile plastiki ngumu za kufunikia waya, kama alivyosema mwaka jana. Binti alinikumbatia mimi. Sijui kwa lipi, lakini nilimwacha anikumbatie kwa muda mrefu, na macho yangu hayakuwa makavu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiria na naona wazi: uzio ndio uliowaokoa. Bila uzio shemeji angekuja Jumatatu ile ile. Kujenga kunanifaa.

Jana nilimsindikiza hadi barabarani. Nilimwonea huruma na lile kapu tupu. Akanieleza kwamba ana bata bukini sita ambao mke wake hataki tena kuwasikia, na sisi tuna uzio mzuri hauna mtu. Nikamwuliza kama wanachimba. Hawachimbi. Nikauliza wanakula nini. Majani, akasema, kutwa kucha, na hawahitaji hata kusogezwa. Tena wapole.

Wanakuja leo jioni. Uzio unataka kuinuliwa kidogo tu, nitapigilia kwa ndani. Mke wangu ameniuliza kwa nini napiga mluzi. Nimeamua nisimharakishe. Atawasikia mwenyewe wakifika.