Taa ya Kijani ya Mama Leonia

Siku Twalha alipoiona laptopu ya Mama Leonia, aliacha andazi nusu. Kwa wanaomfahamu Twalha, hilo peke yake lingetosha kuutahadharisha mji mzima wa Babati.

Mkoa ulikuwa bado mpya, ofisi zikifunguliwa kila kona, na Sosthenes, meneja wa kampuni ya mbegu iliyohamia kata ya Bagara, alitafuta fundi wa mtandao. Alikwisha kumwahidi Twalha kazi hiyo, pamoja na kiti cha kuzunguka, kwa sharti moja: aje na laptopu yake mwenyewe, yenye sura ya kuweka mbele ya wageni. Aliyokuwa nayo Twalha ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa nene, imepasuka kona, na kitufe cha A kimeshikiliwa kwa gundi. Ya Mama Leonia, dukani kwake alikochapia watu barua na kuwatumia barua pepe, ilikuwa nyembamba na iling'aa. Macho ya Twalha yaliishia kwenye mng'ao. Waya wa mtandao unaingilia wapi, hakujali. Alikitaka kile kiti kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha halali.

Basi akaketi kwenye benchi la wateja, akaegemea ukuta pale palipofungwa kisanduku cha mtandao, na kwa vidole viwili akauvuta waya kidogo tu. Ukiutazama, umeingia, mtandao haupiti. Akaaga kwa heshima zote, akaenda kumalizia andazi lake.

Alasiri akapita tena pale, kwa bahati, kama mafundi wa aina yake wanavyopitaga kwa bahati.

"Shikamoo, Mama Leonia."

"Marahaba, mwanangu Twalha. Mungu kakuleta. Mtandao umekata, na huyu Mzee Theodori ana barua ya kumtumia mwanawe."

Twalha alivua kofia. Akachomoa waya kwenye laptopu, akaupuliza, akauchomeka tena, akakodolea macho taa ndogo ya kijani kando ya tundu. Haikuwaka. Akazima mashine, akaiwasha. Akaingia kwenye mipangilio, akabofya huku na huku kwa uso wa mtu anayesoma majibu ya hospitali.

"Mama, jipe moyo. Tundu la mtandao limekufa. Ni radi ya juzi."

"Limekufa kabisa?"

"Kabisa. Mzee Theodori, wewe ni shahidi, sifichi kitu. Mashine hii haishiki tena mtandao wa waya."

Mzee Theodori naye akavua kofia.

"Maskini mimi," alisema Mama Leonia. "Na duka ndiyo basi?"

Twalha alijinyoosha kama mtu anayeumwa mgongo, mkono ukapitia kwenye kisanduku, waya ukaingia. Akatoa laptopu yake kwenye begi, akaichomeka. Taa ya kijani ikawaka papo hapo, na barua ya Mzee Theodori ikaondoka.

"Nimekuonea huruma, mama. Chukua hii yangu, mimi unipe hiyo maiti nikatoe vipuri. Tubadilishane hivi hivi."

Mama Leonia akaipapasa ile laptopu nene bila furaha. "Na begi unaniachia?"

"Na begi."

"Hutakuja kunilaumu?"

"Mama! Mbele ya Mzee Theodori? Neno limekwisha."

Mama Leonia hakuomba hata kuijaribu yake kwa mara ya mwisho. Twalha alikuwa ameandaa uongo maalumu kwa ajili hiyo, akasikitika kidogo kuona unapotea bure.

Asubuhi yake akaingia ofisini kwa Sosthenes na kitu chake kinachong'aa. Kiti kilikuwepo, cheusi, kina magurudumu. Alikizungusha mara moja tu, kwa adabu.

"Haya fundi, unganisha tuone," Sosthenes akampa waya.

Akachomeka. Taa haikuwaka. Akacheka. Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Akaenda mwenyewe kuukandamiza waya upande wa kisanduku. Sosthenes akauchukua waya ule ule, akauchomeka kwenye kompyuta yake; ikawaka. Twalha akaingia kwenye mipangilio, na safari hii aliisoma kweli, jasho likimtoka, maana utapeli kando, kazi aliijua. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja. Tundu lilikuwa limekufa.

"Fundi wa mtandao asiye na mtandao," alisema Sosthenes, akakivuta kile kiti cha magurudumu upande wake.

Twalha alifika dukani anahema.

"Mama Leonia, hii mashine ni mbovu!"

"Si ulisema mwenyewe?"

"Limekufa kabisa, ulisema," alidakia Mzee Theodori, aliyekuja kuangalia jibu la mwanawe.

"Sasa siku zote ulikuwa unatumaje barua?" Twalha akamuuliza mama.

Mama Leonia akafungua pindo la kanga, akatoa kidude cheusi cha ukubwa wa kidole gumba, chenye tundu la waya upande mmoja.

"Kwa hiki. Kinachomekwa pale pa flashi. Tundu la mashine lilikufa tangu masika, nikaazima kidude cha dada yangu Rosemary, naye sasa anakitaka. Nilikuwa nimekata tamaa, nafunga duka. Jana mtandao ulipokata nikaufuata waya mpaka kwenye kisanduku, nikaukuta umevutwa. Nikamkumbuka aliyekaa hapo. Nikauacha nilivyoukuta, kidude nikakificha, nikakungoja."

Twalha aliitazama laptopu yake ya zamani juu ya meza ya watu, imewaka kijani, inachapa kazi. Alitaka kukasirika, akashindwa pa kuanzia.

"Basi nisaidie kutuma barua ya kuomba kazi kwingine," alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu ukae, mwanangu. Ila kaa benchi la huku. Ule ukuta usiuegemee tena."