Melodi Igatuliwe Hadi Besi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Muziki,
Kanisani kwetu, Kikima.

Mzee Ndululu, mpendwa katika Bwana,

KUH: BESI KUNYIMWA MELODI

Natumai barua hii inakupata ukiwa mzima, na kwamba viwavi wamekubakizia mahindi. Mimi ni Kitheka, yule aliyekuwa akianzisha nyimbo zote hapa kanisani, nanyi nyote mkaitikia. Sikuhitaji karatasi. Nilifungua mdomo, kanisa likajibu, Mungu akasikia, tukaenda kunywa chai.

Kisha kamati yako ikamleta Mwalimu Kalondu kutoka Nairobi, pamoja na digrii yake ya muziki, atufundishe kazi kubwa ya Mjerumani mmoja aliyekufa kitambo, ili tuiimbe Pasaka na okestra. Sina ubaya na Mwalimu. Wala sina ubaya na Mjerumani, maana hawezi kujitetea. Lakini nina malalamiko, nami nayaleta kwa heshima.

1. Selo. Chombo hiki kililetwa kwa pikapu siku ya soko, ndani ya kasha jeusi refu. Watu wakavua kofia. Akina mama wakaanza wimbo wa maombolezo na kulifuata gari hadi kanisani. Vijana wakaniuliza kaburi linachimbwa wapi, na mke wangu Kanini akabandika sufuria kubwa ya isyo, mahindi na maharagwe ya waombolezaji. Kasha likafunguliwa, ikatoka fidla kubwa yenye kitambi. Hakuna aliyetuomba radhi. Isyo tuliila, lakini kwa kinyongo, maana tulikuwa tumelia bure.

2. Mpiga timpani, zile ngoma zinazofanana na masufuria ya harusi. Bwana huyu huketi wimbo mzima amekunja mikono, eti anahesabu. Karibu na mwisho anasimama, anapiga mara moja, na kanisa lote linageuka kumtazama. Mimi naimba tangu mwanzo na hakuna anayegeuza hata jicho. Wakati wa chakula yeye ndiye anayepewa paja la kuku.

3. Harmonia yenyewe. Mwalimu ametugawa sauti nne. Soprano wamepewa melodi yote. Kanini ni soprano, na melodi hiyo anaivumisha akiosha vyombo, akikama ng'ombe, hata mimi nikiwa katikati ya kuzungumza. Alto wamepewa makombo. Tena wanaimba kama watu waliokanyagwa vidole, na wanadhani tunawaonea wivu. Besi tumepewa noti moja, do ya chini. Hiyo tu. Kuna ukurasa ambapo wenzetu wote wanapanda, wanashuka, wanakosana na kupatana, huku mimi nimeshikilia do ile ile kama abiria aliyeachwa na basi pale Kambu akilinda mizigo ya wote. Selo nayo inashikilia do hiyo hiyo kando yangu, kwa hiyo hata upweke wangu si wangu peke yangu. Mwalimu anasema sisi ndio msingi. Sawa, lakini sijawahi kuona mtu akienda kuupiga picha msingi wa nyumba.

Nasema wazi kwamba inaniuma. Mama yangu aliuliza juzi kama bado niko kwaya, maana hanisikii.

4. Nchi hii ilipitisha katiba ili mali ya umma ishuke mashinani. Zahanati zilishuka, au angalau mabango yake yalishuka. Ni melodi peke yake iliyobaki makao makuu. Naomba igatuliwe, kila sauti ipate mgao wake. Vilevile, kabla wimbo haujageuzwa kutoka furaha kuwa huzuni, umma ushirikishwe. Mvua imetuhuzunisha vya kutosha. Hatuwezi kuhuzunishwa tena na Mjerumani bila kuulizwa.

5. Hayo yakishindikana, harmonia ifutwe kabisa. Sote tuimbe melodi, selo ikiwemo, na bwana wa timpani ajifunze. Nimesoma kwamba mbinguni wanaimba kwa sauti kuu. Hakuna palipoandikwa kwamba malaika fulani walibaki nyuma wakishikilia do.

Bila jibu la kuridhisha, siku ya Pasaka besi tutasimama mahali petu tumevaa joho, vinywa tumefunga.

Nisalimie mama watoto, kamati nzima, Mwalimu Kalondu, na hata yule wa timpani.

Wako katika wimbo, ingawa si katika melodi,

Kitheka,
Besi.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado mfukoni nilipokwenda mazoezini leo. Mwalimu alikuwa amesikia manung'uniko yangu, na bila ugomvi akanipa melodi ya ule ukurasa niiimbe pamoja na soprano. Do yangu akampa Musembi, besi mwenzangu. Melodi niliiweza, hilo si swali. Lakini nikiwa huko juu nikasikia do ikitoka kifuani mwa mtu mwingine, chini ya kanisa lote, selo ikimfuata yeye, na Kanini na wenzake wakitembea juu yake bila woga. Nilijihisi kama mtu aliyepita kwake akakuta jirani ameketi kwenye kiti chake. Tena Musembi anaishusha, haikai pale inapotakiwa. Mzee Ndululu, nakuomba, zungumza na Mwalimu kabla ya Pasaka. Melodi apewe Musembi. Mimi nirudishiwe do yangu, na selo iwekwe pale pale ilipokuwa, karibu na goti langu.