Plaiwudi ya Chumba cha Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe anakuja Jumamosi! Mara ya mwisho alisema sakafu ya chumba cha wageni inalia kama mbuzi mwenye njaa. Ikilia tena, anahamia kwa mwanawe. Mwanawe ni shemeji yangu, seremala, mtu anayeringa hata akipiga chafya. Mke wangu kashauri tumwite. Thubutu! Nitalaza plaiwudi juu ya mbao za zamani. Hazitaonekana, hazitasikika.

Jumatano, 5 Machi
Plaiwudi zimefika. Shemeji kachungulia dirishani, kauliza kama nimekaza kwanza zile mbao zilizolegea chini. Nikamwambia mimi si mtoto wa juzi. Akasema ndiyo maana anashangaa. Jeuri huyo!

Alhamisi, 6 Machi
Nimejifungia chumbani ili mke asione mpaka nimalize. Nikakaza skrubu kutwa nzima, nikianzia dirishani, nikiishia mlangoni. Safi! Sakafu imepanda unene wa kidole. Nikavuta mlango nitoke nijisifu. Wapi! Unafungukia ndani, na plaiwudi imeuzuia.
Nimetokea dirishani, nikatua ndani ya beseni la nguo, mbele ya mke na shemeji. Mke akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu zima. Nimechubuka goti tu. Shemeji hakucheka. Bora angecheka.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kaung'oa mlango, kaukata chini, kaurudisha. Hata jasho hakutoka! Kasema tufunue plaiwudi, tukaze mbao za chini. Nikamshukuru, nikamwambia mlango unatosha. Mke kanikata jicho.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kafika. Nikamwamkia, nikambebea mzigo. Hatua ya kwanza, kimya. Ya pili: kwiiii! Nikasema ni viatu. Akavivua. Kwiiii! Si mbuzi tena, ni zizi zima. Akanipa pole ya dhati kabisa, akachukua mzigo, akaenda kwa mwanawe. Nimeumia. Nilitaka alale kwangu, jamani.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari tangu chai. Kosa nimeligundua, na shemeji asingeligundua kamwe: tabaka moja halitoshi! Nimeleta plaiwudi nyingine, nene zaidi. Mke yuko nje anagonga, anauliza nafanya nini. Nimemwambia avumilie, nimebakiza kipande cha mlangoni tu.