Mlima Wangu Umejaa Wenzangu

Lemuel Gaskins,
Fundi wa mbao za kutelezea thelujini,
Nyuma ya duka la mikate,
Juniper Gap, Colorado.

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Bonde,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti uliloliumiza kwenye mteremko wa watoto limepona. Mimi si mtu wa kuandika magazetini. Lakini nimesoma kwamba Alhamisi Baraza la Mji litapiga kura kuamua kama Chama cha Wateleza Weusi kiruhusiwe kurudi mwakani kwa wiki yao ya Februari, na kupewa tena kile kiwanja cha magari chini ya lifti, ile ya viti vya kupandisha watu mlimani, ili wakaangie samaki. Jirani yangu, Bwana Halvorsen, anapinga kwa sababu ya moshi na kelele. Namuunga mkono. Ila sababu zake ni nyepesi. Mimi ni mtu mweusi, nimeteleza kwenye mlima huu miaka kumi na mmoja nikiwa mweusi pekee kabla hao hawajaujua, na naona ni wajibu wangu kutoa sababu nzito.

1. Jina langu limegawiwa watu bila idhini yangu.

Zamani mtu akiita "Lemuel!" barabarani, aliyegeuka alikuwa Lemuel. Siku hizi linageuka kundi zima, maana kila mmoja wao amekwisha kuitwa hivyo na wenyeji wetu. Bi Halvorsen alimkumbatia Daktari Yolanda Meeks, mwanamke wa miaka thelathini, daktari wa meno kutoka Atlanta, akamuuliza, "Lemuel, mgongo unaendeleaje?" Daktari ni mtu mwenye adabu zake, akajibu kwamba unaendelea vizuri. Kesho yake kijana mmoja akampelekea ubao uliopasuka amtengenezee. Mimi nami nimesimamishwa posta na mama mmoja aliyefungua kinywa wazi akitaka nimtazame gego.

2. Nimenyang'anywa kazi ya kuwa umati.

Miaka yote hiyo, wakubwa wa mlima walipotaka kuonyesha kwamba huku kila mtu anakaribishwa, walinipiga picha mimi. Kipo kijitabu chao ambamo natokea ukurasa wa pili nimevaa kofia nyekundu, wa tano nimevaa ya buluu, na wa mwisho nimepigwa kwa nyuma. Kazi ile haikuwa na mshahara, ila ilikuwa na kikombe cha chokoleti ya moto, na niliifanya kwa moyo. Mwaka huu mpiga picha amenipita mlangoni akisema, "Samahani mzee, leo nimepata wa kutosha." Nilijinunulia chokoleti yangu mwenyewe.

3. Shingo.

Hili huenda hulijui, Ndugu Mhariri, kwa hiyo nitakueleza. Sisi watu weusi tukikutana ugenini, hata kama hatujuani, tunatikisiana kichwa. Kidogo tu, kidevu kinashuka kinarudi. Maana yake ni "nimekuona." Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na asiyeitikia ametukana ukoo mzima. Basi hapa kwa miaka kumi na mmoja shingo yangu ilistarehe. Mara moja tu nilimtikisia mtu aliyejifunika uso kwa baridi, akajifunua, kumbe ni Halvorsen. Naye akanitikisia, na hadi leo anadhani ni salamu ya mafundi.

Sasa nihesabie hasara. Jumamosi ya wiki yao nilisimama penye lifti tangu inafunguliwa, na wao wanashuka tu: wazee, mabinti, baba na watoto wake watatu, walimu, askari wa zimamoto. Nikatikisa. Nikatikisa. Adhuhuri shingo ikakataa kurudi. Daktari wa mji akanifunga kola ngumu, nami, kwa kuwa nimelelewa, ikabidi niiname kuanzia kiunoni kwa kila aliyepita. Nikasikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Yule mjomba vipi, mbona anatusujudia?"

4. Umjomba wenyewe.

Nina mpwa mmoja tu, yuko Toledo, na ananitosha. Hawa wananiita Mjomba bila kuuliza ukoo. "Mjomba, ninolee kingo za ubao." "Mjomba, nta hii ya kupaka chini ni ya baridi kali au ya kawaida?" "Mjomba, umekula?" Swali hilo la mwisho wanaliuliza mara nyingi mno.

Tena hawana huruma. Zamani nilipoanguka, watu walinizunguka kwa upole, "Pole bwana, ndiyo mara yako ya kwanza?" Waliniuliza hivyo watu waliokuwa wamesimama juu ya mbao nilizozitengeneza mimi. Ilikuwa heshima ya aina yake, niliizoea. Mwaka huu nimeanguka chini ya lifti hasa, miguu juu, na viti vyote vimejaa wao.

"Mjomba! Theluji inakudai nini?"

"Mwacheni, anatafuta funguo!"

"Usiinuke bado, Mjomba, rudia, sikurekodi!"

Wakacheka mpaka viti vikayumba. Hakuna aliyenipa pole. Nami nililala pale pale nikacheka mpaka theluji ikaniingia kinywani, na kwa umri wangu hilo ni jambo la hatari. Baraza liliangalie.

5. Wamenifungia safari na wameniharibia saumu.

Miaka yote nilikwenda Denver kunyolewa, kwa kuwa hapa kinyozi alinitazama kichwa mara moja, akasema mkasi wake una kutu. Nilifunga minyororo kwenye magurudumu ya gari yasiteleze, nikashuka milima, nikaketi kwenye kile kiti, nikasikia watu wakibishana kuhusu mpira na wake zao, kisha nikarudi. Ile ndiyo iliyokuwa likizo yangu. Sasa kijana Desmond Fuqua, aliyekuja nao msimu uliopita akagoma kurudi Chicago, amepanga chumba juu ya duka la dobi na ananyoa hapo hapo. Ubishi sasa uko hatua chache kutoka kitandani kwangu. Sina tena sababu ya kwenda popote.

Halafu yuko mwenyekiti wao, Bi Odessa Pettway, dereva wa basi mstaafu wa Detroit, ambaye humpa mtu amri kama abiria aliyesimama mlangoni. Alinikuta napita mbali na sufuria zao.

"Wewe. Keti. Unajua karata au unajua kuteleza tu?"

Nikamwambia nimesahau.

"Hakuna kwetu anayesahau karata, Lemuel. Kuna wanaoogopa kufungwa."

Nikaketi. Nikafungwa. Nikapewa kambare wa kukaanga wenye pilipili, kama wale aliokaanga mama, na nilikuwa nimekwisha kujizoeza kuishi bila hao.

6. Hili ndilo kubwa kuliko yote: wanaondoka.

Jumatatu wanapakia magari, wanapiga honi, wanakwenda. Ndugu Mhariri, kabla yao sikujua kwamba mji huu uko kimya. Nilidhani ndivyo miji inavyokuwa. Upweke nilikuwa nao, lakini sikuwa na cha kuupimia. Jumanne nilipanda lifti, kiti cha watu wanne, peke yangu, nikalia njia nzima hadi juu. Kisha nikateleza kushuka, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kurudi nyumbani. Mtu alikuwa amejikalia na ukiwa wake kwa amani. Nani aliwaruhusu waje wamwonyeshe?

Kwa hiyo napendekeza Baraza liwakatalie kabisa. Kama sheria hairuhusu, basi watawanywe, mlima mmoja mtu mmoja, ili kila mmoja apate picha zake, chokoleti yake na jina lake kamili. Na kama hilo nalo haliwezekani, basi wakishaingia wazuiwe kutoka mpaka theluji iyeyuke. Wapewe nyumba. Wapewe kazi. Barabara ifungwe.

Nisalimie mkeo na wanao, wapiga chapa wote, Bwana na Bi Halvorsen, na dada wa posta asiyechoka na vifurushi vyangu.

Ni mimi nisiyependa makuu,
Lemuel Gaskins (yule wa kwanza)

Tanbihi: Nilipokuwa nafunga bahasha Bi Odessa alinipigia simu kutoka Detroit, nikamsomea barua hii yote. Akasema, "Mdogo wangu, si useme tu umetukumbuka." Basi nimewakumbuka. Alhamisi nitakuja barazani, niwekwe katika orodha ya wasemaji, upande wa wanaotaka waruhusiwe. Kura ikiwakataa, tafadhali usiichapishe barua hii. Badala yake weka tangazo lifuatalo ukurasa wa nyuma:

NYUMBA INAUZWA. Vyumba viwili, jiko la kuni, mlima unaonekana dirishani. Haina kasoro yoyote. Mwenyewe amewafuata wenzake.