Jina Lililotangulia Kitovu

Waliokuwepo leo nawataja mapema, ili kesho kisimani asitokee mtu kusema alikuwepo na kuongeza chumvi. Nilikuwepo mimi, Kashinje. Alikuwepo mdogo wangu Mabula, na mkewe Limi, ambaye alikuwa ndani akijifungua. Alikuwepo mkunga wetu, Mama Nyanzala. Alikuwepo baba yake Limi, Mzee Makoye, aliyekuja na baiskeli kutoka Songwa bila kuitwa. Na alikuwepo Babu Mayunga. Basi. Wengine wote walikuwa nyuma ya ua wa jirani, wakijifanya wanapepeta mtama. (Tangu tuhamishiwe kijijini na nyumba zetu kupangwa mistari, mtu hawezi tena kuaibika peke yake.)

Maana leo nimeaibika. Na nina hasira, kwa hiyo atakayecheka asichekee karibu yangu.

Mnajua majina yetu yalivyo. Mabula alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo Mabula. Mama Nyanzala alizaliwa mwaka wa njaa, na jina lake linasema hivyo (njaa hiyo ameilipizia kisasi, siku hizi mlangoni anapita kwa ubavu). Makoye maana yake ni matatizo, na sina la kuongeza. Mimi nilitoka tumboni nikitanguliza miguu. Mtoto wa namna hiyo ni Kashinje, wazazi wapende wasipende.

Na Mayunga maana yake ni mzururaji. Mama yake Babu alimzaa njiani, familia ikihama na ng'ombe. Alipofika kwetu alikuwa kijana, akaoa, akafiwa na mke, hakupata mtoto.

Wazazi wetu walipokufa, baba zetu wadogo walikaa kikao cha kutugawana. Mabula aende huku akachunge, mdogo wetu Minza aende kule akalee watoto wa watu. Mimi nilikuwa darasa la nne. Nikasimama nikasema hakuna anayekwenda popote, nitawalea mwenyewe. Walicheka sana. Aliyenyamaza ni Babu Mayunga, ambaye hakuwa hata ndugu. Alisema, "Huyu akilea, mimi nitalima." Akalima. Kila msimu alileta maksai wake shambani kwetu, mpaka Mabula alipoweza kushika plau. Shule sikurudi, lakini hakuna aliyegawanywa. Minza ameolewa mwaka jana kutoka mlango huu huu.

Siku moja nilimuuliza Babu tutamlipa nini. Alisema hataki mtama wala ndama. Alisema, "Akizaliwa mtoto wa kwanza katika nyumba hii, mpeni jina langu. Nataka niende nikijua kuna mtu ataitwa Mayunga, naye aitike."

Nikamwahidi. Sasa mnaelewa leo ilikuwa siku gani.

Babu alifika asubuhi amevaa koti lake, lile la kuitwa barazani kwa mtendaji. Nikampa kigoda. "Shikamoo Babu." "Marahaba. Amefika?" "Bado." Akaketi akiutazama mlango kama anasubiri lori la pamba.

Kisha akaja Makoye na baiskeli yake. Ndani Mama Nyanzala alikuwa akimwambia Limi, "Sukuma, mayu, mama yangu. Sukuma." Makoye hata salamu hakutoa. Akasema, "Msukuma gani anahitaji kuambiwa sukuma?" Akacheka mwenyewe. Nilipomkumbusha kwamba anayesukuma ni binti yake, akageukia jambo lingine.

"Nasikia mmeshapanga na jina."

"Ndiyo, Baba Limi. Mayunga."

"Mayunga wa ukoo gani?"

"Wa huyu aliyekaa hapa."

Akamtazama Babu kuanzia kofia hadi kandambili za tairi. "Mjukuu wangu apewe jina la mtu aliyeokotwa njiani? Mna wafu wenu wenye majina mazuri tu."

 Babu alitazama mikono yake.  Mabula, ambaye ndiye baba wa mtoto, aliona wakati umefika wa kwenda kukagua kamba ya mbuzi. (Mbuzi alikuwa amefungwa vizuri tu.)

Nikamwambia Makoye kwamba mahari tulilipa ng'ombe wote, hakuna mkia uliobaki, kwa hiyo mtoto ni wetu na jina ni letu. Ndipo akasema lile neno.

"Kashinje, kama unamtaka Mayunga sana, si uzae wewe mwenyewe?"

Nyuma ya ua kupepeta mtama kulisimama ghafla.

Mimi sijaolewa. Kila mtu anajua sababu. Wachumba walikuja, wakaniona na wadogo wawili mgongoni, wakakumbuka shughuli zao. Sijawahi kulilia jambo hilo mbele ya mtu, na sikutaka kuanza mbele ya Makoye. Nilikuwa nimeshika mwiko wa ugali. Nauweka wazi ukweli huu ili mjue nilijizuia.

Papo hapo mtoto akalia.

Mama Nyanzala akasema kutoka ndani, "Wa kiume!"

Sasa, kwetu jina husubiri kitovu kidondoke. Hata mtoto mdogo anajua hilo. Unakaa siku zako, kitovu kinadondoka, watu wanakula, jina linatajwa. Lakini mimi nilikuwa na hasira, na Makoye alikuwa amefungua mdomo tena. Nikamtangulia. Nikapanda juu ya kinu kilichokuwa kimelala uani, nikamgeukia jirani na mtama wake, nikatangaza kwa sauti ambayo nadhani hata Songwa waliisikia:

"Amezaliwa Mayunga! Mwenye masikio asikie! Katika nyumba hii amezaliwa Mayunga!"

Mama Nyanzala akaita kutoka ndani, "Kashinje, hebu subiri kidogo."

Sikusubiri. Nilipiga vigelegele. Babu Mayunga akasimama. Magoti yake yana kelele siku hizi, lakini alisimama bila kushika kitu, akasema, "Naam." Yaani aliitika kwa niaba ya mtoto. Kisha akavua bangili yake ya shaba, ambayo sijawahi kuiona nje ya mkono wake, akanipa. "Mpe somo yangu. Akikua itamtosha."

Nikaivaa mimi ili nicheze nayo. Iligoma kwenye kiungo cha dole gumba. Nikaisukuma kwa nguvu, ikapita. Nikamzunguka Makoye nikicheza, mkono juu, bangili ikimeremeta puani pake. Nilicheza vizuri, nasema kweli.

Mlango ukafunguka. Mama Nyanzala akatoa kichwa, kwa ubavu.

"Nani amewaambia tumemaliza? Kuna mwingine huku."

Nilibaki mkono juu.

Mapacha. Na nani asiyejua majina ya mapacha? Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, wawe wa kiume au wa kike, wa tajiri au wa maskini. Hakuna kikao, hakuna ahadi.

Makoye alichukua muda wake. Alifuta paji la uso, akaketi juu ya kigoda cha Babu, akauliza kwa upole, "Kulwa tumemwona. Doto yuko njiani. Sasa huyo Mayunga yuko wapi? Au ameshaondoka kwenda kuzurura?"

Ua wa jirani uliangua kicheko mpaka ungo ukadondoka.

Nikapambana. Nikamwambia Mama Nyanzala huyu wa kwanza ameshatangazwa, abaki Mayunga, huyo wa pili mumwite mtakavyo. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa.

"Mapacha hawapewi jina, mayu. Wamekuja nalo. Ukiwanyang'anya, wanarudi nalo walikotoka. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo. Nimewazika watu wa kutosha. Nikashusha mkono.

Doto akatoka, naye wa kiume, mwenye sauti kuliko kaka yake. Na kwa kuwa penye mapacha watu wana ruhusa ya kutukanana bila kosa, Makoye akaanzisha wimbo papo hapo, kunihusu mimi, kinu, na sehemu zangu za kukalia. Niliitumia ruhusa hiyo pia. Nilimwimbia Makoye beti tatu. Mmoja wake, mmoja wa baiskeli yake na mmoja wa meno yake. Siwezi kuzirudia hapa. Hiyo ndiyo raha pekee niliyoipata leo.

Nilipomaliza, Babu Mayunga alikuwa bado amesimama, maana kigoda kilikuwa na mtu. Nikamwendea. Nikataka kumrudishia bangili. Haikutoka. Nikavuta. Mabula, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mbuzi, akavuta. Tukapaka samli. Tukapaka sabuni ya mche. Mkono umevimba kama muhogo.

"Acha," Babu akasema. "Hiyo ni ya Mayunga. Itunze. Anayefuata atakuwa yeye."

Mama Nyanzala akakohoa akiwa na kipande cha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, mdomoni. "Anayefuata mapacha ni Shija, Mzee."

Kweli. Hata huyo amekuja na lake.

Babu akafikiri. "Basi wa nne."

Kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, Limi akasema, "Wa nne atamzaa Mabula."

Babu akacheka, jambo ambalo hafanyi. Akachukua fimbo yake, akanipita, akasimama. Akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, "Wa nne wa Limi, Kashinje, au wa kwanza wako. Mimi sichagui. Ila magoti yangu hayangoji sana."

Akaenda zake. Makoye amelala hapa leo na amekula nyama ya mbuzi, mapaja yote mawili.

Nimekaa na mkono huu hauingii mfukoni. Kesho nitakuja kisimani kama kawaida. Niulizeni habari za Kulwa, niulizeni habari za Doto, wazima wote wawili. Bangili msiiulize. Bado nadaiwa jina.